UZI: Kwa nini maswali ya wawakilishi wetu kuhusu zahanati na shule hurudi na majibu matupu?

#1 Mwana wa Langoni
Salaam wadau. Kila nikisoma Hansadi, kumbukumbu rasmi za bunge letu la kaunti ya Lamu, Kenya, nakuta mchezo ule ule. Mwakilishi wadi anasimama, anauliza mbona zahanati ya kisiwani haina dawa. Spika anaipeleka kwa Kamati ya Afya. Siku zinapita, mwenyekiti anasoma karatasi ya waziri wa kaunti: idara inafahamu changamoto hiyo na hatua zinachukuliwa. Mwakilishi anashukuru, anaketi, shughuli inayofuata inaitwa. Bunge la Taifa nako ni hivyo hivyo kuhusu walimu wa Lamu Mashariki.

Dai langu ni hili: kosa kubwa liko kwa muulizaji. Swali likiandikwa legelege, afisa anapita katikati yake. Mnaojua kazi za mabunge nisahihisheni, lakini kwa vifungu, si kwa hasira.

#2 Karani wa Zamani
Nusu ya dai lako naikubali. Kwanza tuuweke utaratibu sawa, maana wengi wanauchanganya.

Waziri wa kaunti si mwanachama wa bunge la kaunti. Hakai ukumbini kungoja maswali. Kwa hiyo mwakilishi haulizi waziri, anaomba taarifa kutoka kwa mwenyekiti wa kamati inayosimamia idara hiyo. Ombi linaandikwa, linapitia kwa karani, Spika analiidhinisha na kutaja siku ya jibu. Karani anaiandikia idara. Afisa mkuu wa idara ndiye anayeandaa jibu, waziri anatia sahihi, mwenyekiti analisoma, kisha yanafuata maswali ya nyongeza. Maswali hayo ya nyongeza anaulizwa mwenyekiti, ambaye hakuandika jibu wala hajui stoo iko upande gani. Hapo ndipo mambo yanapofia.

Dawa yake imo katika kifungu cha 39 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012: kamati inaweza kumtaka waziri wa kaunti afike mbele yake na ajibu swali lolote linalohusu kazi yake. Na Ibara ya 195 ya Katiba inaipa kamati nguvu sawa na za Mahakama Kuu kuita mashahidi, kuwaapisha, na kudai hati. Kuomba taarifa ukumbini ni njia nyepesi. Kuita kamatini ni njia nzito. Wawakilishi wengi huishia kwenye ile nyepesi.

#3 Bi Stoo
Karani hawezi kupita uzi bila ibara, tumemzoea. Mimi naongeza upande wa karatasi za kituo, maana swali la dawa bila karatasi ni maneno tu.

Ukiuliza "kwa nini hakuna dawa", jibu litakuwa "kucheleweshwa kwa fedha". Uliza hivi: Zahanati fulani, kuanzia Januari hadi Machi, iliagiza nini na kiasi gani, ilipokea nini, tarehe gani, kila dawa ya orodha hii ilikaa siku ngapi bila hata kidonge kimoja. Halafu taja dawa zenyewe, zisizidi kumi: amoksilini ya watoto, ORS na zinki, dawa ya malaria, oksitosini, sindano ya magnesiamu salfeti kwa wajawazito wenye kifafa cha mimba, vidonge vya presha, metformini. Afisa hawezi kujificha nyuma ya orodha ya dawa kumi.

Kisha dai nakala hizi: fomu ya S11 ya kuomba na kutoa vifaa, S13 ya kupokea, kadi ya stoo ya kila dawa, na noti ya kukabidhi mzigo kutoka KEMSA, mamlaka ya taifa inayosambaza dawa. Zikikaa pamoja zinasema zenyewe. Noti ya KEMSA ikionyesha makasha 20 na S13 ikionyesha 14, hapo swali limekwishajijibu: mzigo ulipungua njiani au mlangoni. Noti na S13 zikilingana, lakini kadi ya stoo inaonyesha dawa imeisha wiki ya tatu, basi kituo kiliagiza kidogo kuliko wagonjwa wake. Na mara nyingi hiyo ndiyo sababu. Muuguzi anaagiza kwa kunakili agizo la robo mwaka iliyopita. Robo hiyo dawa ilikuwa haipo, matumizi yakaonekana madogo, kwa hiyo na agizo jipya linakuwa dogo. Upungufu unazaa upungufu.

#4 Nahodha wa Kusi
Bi Stoo umesema kweli. Lakini huku kwetu kuna kitu kimoja wa bara hawakioni: bahari. Mzigo unaweza kufika Mokowe leo na ukafika Kizingitini au Ndau siku nyingi baadaye, na kwenye ripoti ya idara ukahesabiwa kuwa umefika tangu siku ya Mokowe. Kwa hiyo swali la visiwani lazima liwe na tarehe mbili: ya gatini na ya mlangoni kwa zahanati. Na liulize nani alilipia chombo, maana bajeti ya dawa na bajeti ya usafiri ni mistari miwili tofauti. Miezi ya kusi, bahari ikichafuka Juni na Julai, pengo la tarehe hizo mbili ndilo linaloeleza kila kitu.

#5 Mzee wa Ganda
Hamjambo ndugu zangu wa Lamu. Sisi wa Kilifi bunge letu la kaunti linakaa hapa hapa Malindi mjini, na tatizo ni hilo hilo. Kwa maoni yangu lakini, Bi Stoo na Mwana wa Langoni wanarukia hatua ya pili. Hatua ya kwanza ni mlango. Maswali mengi hufa kwa sababu yamegonga mlango usio wao.

Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Zahanati, vituo vya afya, hospitali za kaunti na magari ya wagonjwa ni kazi ya kaunti. Hospitali za rufaa za kitaifa na sera ya afya ni serikali kuu. Chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulea watoto ni kaunti. Shule za msingi na sekondari, mitaala, mitihani na vyuo vikuu ni serikali kuu. Mwakilishi wadi akimuuliza waziri wa elimu wa kaunti kuhusu uhaba wa walimu darasa la sita, waziri atasema kwa haki kabisa: si langu. Na kila mtu atadhani amekwepa.

Mfano wa kuchanganya zaidi ni chanjo. Kuipeleka kijijini na kuichoma ni kazi ya kaunti. Kuinunua ni ya serikali kuu pamoja na wafadhili. Mwaka 2025 chanjo za BCG na polio zilipoadimika nchini, kumbana waziri wa kaunti peke yake kulikuwa kupoteza siku. Lakini friji ya zahanati ikiharibika na chanjo zikapita nyuzi 8, hilo ni la kaunti, na hapo mbane: daftari la joto la friji lisomwe, lile linalojazwa asubuhi na jioni.

#6 Kijana wa Kizingitini
Sasa hawa walimu, kwani seneta wetu hawezi kumtaka Waziri wa Elimu asimame ukumbini ajibu? Si ni mbunge mwenzao?

#7 Maalim Mtoro
Kijana, tangu Katiba ya 2010 mawaziri si wabunge. Zamani waziri alikuwa mbunge na kulikuwa na muda wa maswali, waziri anajibu uso kwa uso. Bunge la kwanza chini ya Katiba mpya, 2013, likaanza bila hiyo. Maswali yakawa yanapelekwa kwa wenyeviti wa kamati, kama alivyoeleza Karani kwa kaunti. Mwaka 2023 mawaziri wakaanza kufika tena ukumbini kujibu, baada ya Kanuni za Kudumu kubadilishwa. Msingi wake ni Ibara ya 153(3): waziri atafika mbele ya kamati akitakiwa na kujibu swali lolote kuhusu kazi yake.

Lakini hata akifika, Waziri wa Elimu si wa kujibia walimu. Kuajiri, kupanga na kuhamisha mwalimu ni kazi ya TSC, Tume ya Huduma ya Walimu, tume huru kwa Ibara ya 237. Swali la walimu liende kwa tume, kwa kawaida kupitia Kamati ya Elimu. Mbunge akimuuliza waziri, waziri atasoma takwimu alizopewa na tume, na maswali ya nyongeza yatakwama pale pale.

Njia zenyewe: Bunge la Taifa, mbunge anaomba taarifa kwa Kanuni ya 44(2)(c). Seneti, seneta anaomba kwa Kanuni ya 53(1). Mkisoma Hansadi mtaona namba hizo kila siku.

#8 Kijana wa Kizingitini
Shukran Maalim. Basi swali la walimu liandikwe vipi?

#9 Maalim Mtoro
Usiulize "walimu ni wachache kwa nini". Uliza makundi manne, shule kwa shule: walimu wangapi wako kwenye orodha ya malipo ya shule hiyo, wangapi wako darasani kwa kweli, wangapi wako likizo ya ugonjwa, ya uzazi au ya masomo, wangapi wamehamishwa tangu Januari na hawajapata wa kujaza nafasi. Kaunti kame na za visiwani huumia zaidi na kundi la nne. Mwalimu anapangiwa Lamu Mashariki, anaripoti, anapata posho ya mazingira magumu, baadaye anapata uhamisho kwa sababu za kiafya au za ndoa, na nafasi inabaki kwenye hesabu kana kwamba imejazwa. Jumla ya kaunti itaonekana nzuri huku shule moja ina walimu watatu kwa madarasa manane.

Kisha omba sensa ya wanafunzi ya shule hiyo kutoka mfumo wa wizara wa kusajili wanafunzi, maana fedha zinafuata jina lililosajiliwa. Shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka, sekondari msingi 15,042, sekondari ya kutwa 22,244. Mtoto asiyesajiliwa hana mgao, lakini dawati analikalia.

#10 Mwana wa Langoni
Hapo kwenye mgao ndipo napataka. Wabunge huuliza "fedha zimetumwa lini", waziri anajibu "zimetumwa", mwalimu mkuu analia "hazijafika". Nani mkweli?

#11 Maalim Mtoro
Wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Mgao wa sekondari hutoka kwa awamu tatu: asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili, 20 wa tatu. Shule ya kutwa ya wanafunzi 300 ingestahili 6,673,200 kwa mwaka, maana yake 3,336,600 muhula wa kwanza. Lakini si zote zinaingia akaunti moja: kuna akaunti ya masomo, ya uendeshaji, na ya miundombinu, na kuna makato yanayobaki wizarani kwa shughuli za pamoja. Waziri anahesabu jumla iliyotoka Hazina. Mwalimu mkuu anahesabu kilichoingia akaunti ya uendeshaji, ile anayolipia mpishi na mlinzi.

Kwa hiyo swali ni: kwa kila mwanafunzi, shilingi ngapi ziliingia akaunti ipi, tarehe gani, na kiasi gani kilibaki wizarani kwa kazi gani. Likiulizwa hivyo jibu haliwezi kuwa neno moja.

#12 Shuka Jilore
Mimi nasoma huu uzi tangu mwanzo na naona mnawapamba wawakilishi. Mnafikiri hawajui kuandika swali? Wanajua. Mwakilishi anataka barabara ya wadi yake iingie kwenye bajeti, anataka kisima, anataka basari za watu wake zitoke. Vyote hivyo vinapitia kwa watendaji wale wale anaotakiwa kuwabana. Akimwapisha waziri wa afya Jumanne, Alhamisi mradi wake unakosa mkandarasi. Hakuna fomu ya S11 inayotibu hilo.

#13 Karani wa Zamani
Shuka, hilo lipo. Lakini lisiwe kisingizio cha swali baya. Swali lililoandikwa kwa kituo, tarehe na karatasi lina faida hata kama muulizaji ni mwoga: linabaki kwenye Hansadi, na mwenyekiti akilisoma bila jibu kamili, mwakilishi mwingine anaweza kulichukua. Swali la jumla likikwepwa, hakuna cha kuchukua.

#14 Mzee wa Ganda
Na mimi nakubali nusu ya Shuka. Ila kuna maelezo ya tatu hamjayataja: fedha zenyewe. Mgao wa kaunti kutoka Hazina hucheleweshwa. Ibara ya 219 inataka upelekwe bila kuchelewa isivyostahili, na hucheleweshwa. Kaunti ikikaa miezi bila fedha, inadaiwa na KEMSA, na mdaiwa hapewi mzigo mwingine kwa wepesi. Waziri anayesema "fedha zimechelewa" huenda anasema kweli tupu.

Jinsi ya kujua kama ni kweli: ripoti ya Msimamizi wa Bajeti ya utekelezaji wa bajeti za kaunti. Inaonyesha fedha zilizotolewa na zilizotumika, idara kwa idara. Kama idara ya afya ilipokea na haikutumia, sababu ya kuchelewa imekufa. Kama ilitumia karibu zote kwa mishahara na usafiri, hapo ndipo swali la kweli linapoanzia. Nendeni moja kwa moja kwenye jedwali la idara.

#15 Bi Stoo
Mzee, ongeza na fedha za kituo chenyewe. Tangu Sheria ya Ufadhili wa Kuboresha Vituo ya 2023, mapato ya hospitali na zahanati yanabaki kituoni. Zamani yalivutwa yakaingia Mfuko wa Mapato wa Kaunti. Siku hizi waziri akisema kaunti haina fedha, mwulize: kituo hiki kilikusanya kiasi gani robo hii, SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii, ililipa kiasi gani kati ya madai yaliyowasilishwa, na bodi ya kituo iliidhinisha kununua nini. Akaunti ipo, taarifa ya benki ipo. Madai ya SHA yaliyokataliwa yatakwambia pia sababu: mgonjwa hakusajiliwa, alama ya kidole haikusoma, fomu ilijazwa nusu. Sababu hizo zinarekebishika bila shilingi mpya.

#16 Nahodha wa Kusi
Wangwana, tuulizane na la wadi ya Basuba, huku Lamu. Shule za Basuba, Milimani, Mangai, Mararani na Kiangwe zilipofungwa kwa sababu ya usalama miaka ile ya 2014 na 2015, swali lilikuwa likiulizwa kila kikao na halifiki popote. Mwaona ni kwa nini?

#17 Mzee wa Ganda
Kwa sababu lilikuwa swali moja lenye milango minne. Mwalimu ni wa TSC. Shule ni ya Wizara ya Elimu. Usalama ni wa Wizara ya Usalama wa Ndani. Darasa la chekechea na zahanati ni vya kaunti. Kila mmoja akiulizwa peke yake anasema anangoja mwenzake: TSC inangoja usalama, usalama unasema eneo lina amani ya kutosha, kaunti inasema haiwezi kufungua chekechea bila shule ya msingi. Swali la aina hiyo lisipelekwe kama taarifa. Lipelekwe kamatini, na kamati iwaite wote wanne siku moja, meza moja. Seneti inaweza, na kamati za pamoja zinaruhusiwa.

#18 Shuka Jilore
Na wakiitwa wasije?

#19 Karani wa Zamani
Ibara ya 125 kwa Bunge, 195 kwa kaunti. Wito ukitolewa rasmi, kukaidi kuna adhabu chini ya sheria za mamlaka na kinga za mabunge za 2017. Lakini shida kubwa mara nyingi si kukaidi. Ni barua. Karani anaandika "mwaliko", si wito. Afisa mkuu anamtuma naibu, naibu hana mamlaka ya kujibu, kamati inakubali kumsikiliza. Mwenyekiti mwenye msimamo humrudisha naibu mlangoni na kuandika kwenye kumbukumbu kwamba idara haikuhudhuria.

Kuna na silaha ya mwisho, kifungu cha 40 cha Sheria ya Serikali za Kaunti: theluthi moja ya wawakilishi wanaweza kupendekeza hoja ya kumwondoa waziri wa kaunti, kamati ya watu watano inachunguza ndani ya siku kumi. Hiyo inatajwa sana, inatumika kidogo.

#20 Mwanaisha wa Shela
Nimesoma yote, ahsanteni. Naona mmeisahau sehemu ya mwananchi. Ardhilhali, yaani ombi rasmi la wananchi kwa bunge. Kwa kaunti, kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti. Kwa Bunge, Ibara ya 119 na sheria ya taratibu za ardhilhali ya 2012. Wengi wanaandika barua ya malalamiko, wanashangaa haikusomwa. Ardhilhali ina sharti zake: iandikwe Kiswahili au Kiingereza kwa lugha ya heshima, isifutwefutwe, mada iwe juu ya kila ukurasa, iseme kama jambo limeshapelekwa kwa ofisi husika na kama jibu halikuridhisha, iseme kama liko mahakamani au la, imalizie kwa ombi lililo wazi, na iwe na jina, anwani, namba ya kitambulisho na sahihi au alama ya kidole. Inapokosea zaidi ni kwenye ombi. Watu wanaandika "tunaomba msaada". Andika: "tunaomba Seneti ichunguze kuchelewa kwa boti ya wagonjwa ya eneo hili, na ipendekeze."

Seneti inatakiwa kumjibu mwombaji ndani ya siku 60 tangu ardhilhali isomwe. Wekeni tarehe kwenye kalenda.

Na kabla ya ardhilhali, ombeni hati kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ukiwa na S13 mkononi, mwakilishi wako hana sababu ya kuuliza kwa kubahatisha.

#21 Kijana wa Kizingitini
Hiyo ya hati wanakaa siku 30, nimesikia.

#22 Mwanaisha wa Shela
Ni 21, mdogo wangu. Wanaweza kuongeza 14 mara moja tu, na wakieleza sababu. Kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Ombi halilipiwi, unalipia kurudufu nakala tu. Wakikataa au wakinyamaza, nenda Tume ya Haki ya Utawala, una siku 30 za kuomba wapitie upya.

#23 Shuka Jilore
Haya yote mazuri dada, lakini ardhilhali ikishasomwa na ripoti ikapitishwa, nani anafuatilia? Ripoti ngapi zimepitishwa zikakaa kabatini.

#24 Karani wa Zamani
Bunge la Taifa lina Kamati ya Utekelezaji, na waziri anatakiwa ndani ya siku 60 baada ya uamuzi kueleza alichofanya. Mabunge mengi ya kaunti yana kamati kama hiyo. Kinachokosekana ni jedwali. Kamati nzuri huwa na karatasi moja: pendekezo, ofisi, tarehe ya mwisho, ushahidi unaotakiwa. Isiandikwe "idara iboreshe huduma", hilo halipimiki. Iandikwe "idara iwasilishe noti za KEMSA za vituo vya wadi hizi kabla ya tarehe 30".

Kaunti ndogo kama Lamu, yenye wadi 10, ina faida hapa. Vituo ni vichache. Jedwali la kaunti nzima linaingia kwenye karatasi mbili. Kilifi ina wadi 35, kazi yake ni nzito zaidi.

#25 Mzee wa Ganda
Kwa Kilifi ongeza na dawa ya nyoka, ndugu. Wabunge huuliza "ipo au haipo", idara inajibu "ipo". Ipo ngapi? Mgonjwa mmoja aweza kuhitaji chupa kadhaa. Chupa mbili kwenye friji ya hospitali ya mjini si dawa ya mtu aliyeumwa Magarini saa mbili usiku. Swali lipime chupa ngapi, kituo gani, zinaisha muda lini, na kama friji ina umeme usiku.

#26 Shuka Jilore
Mzee kila uzi lazima anyooshe mkono wa nyoka. Lakini hapo kweli.

#27 Mwana wa Langoni
Tumetoka mbali. Sasa naomba tuandike swali moja pamoja, la boti ya wagonjwa, nimpelekee mwakilishi. Naanza:

"Mwenyekiti wa Kamati ya Afya aeleze: (1) boti ngapi za wagonjwa zinafanya kazi leo, na ziko gati gani, (2) kuanzia Januari hadi Juni, kila boti ilifanya safari ngapi za rufaa, (3) lita ngapi za petroli zilinunuliwa kwa boti hizo."

#28 Nahodha wa Kusi
Lita peke yake hazitoshi. Omba daftari la safari la kila boti: saa ya simu, saa ya kuondoka, saa ya kufika, abiria, nahodha. Tofauti ya saa ya simu na saa ya kuondoka ndiyo inayoua. Kufika kunategemea bahari na injini. Kuondoka kunategemea watu na mafuta. Ukichanganya hizo mbili, watakwambia ni upepo.

#29 Bi Stoo
Na lita zigawanywe kwa safari. Boti ya injini moja na boti ya injini mbili hazinywi sawa, kwa hiyo taja nguvu ya injini. Lita zikizidi safari kwa mbali, mafuta yanakwenda kwingine.

#30 Mzee wa Ganda
Ondoa neno "leo" kwenye (1). Andika "tarehe ya jibu hili". Jibu litaandikwa wiki tatu baada ya swali, na "leo" itakuwa siku nyingine.

#31 Shuka Jilore
Mimi ningeongeza (4): mgonjwa aliyelipia boti binafsi kwa sababu ya kukosa boti ya kaunti anarudishiwa na nani. Hilo watalikwepa, lakini wacha waandikwe wamelikwepa.

#32 Karani wa Zamani
Hiyo (4) iandike kama swali la pekee, Shuka, ombi tofauti, siku tofauti. Maswali manne kwenye ombi moja, idara hujibu matatu mepesi na kuita jambo limejibiwa. Rufaa ya dharura inaangukia Ibara ya 43(2), mtu hanyimwi matibabu ya dharura, kwa hiyo ina uzito wa kusimama peke yake.

#33 Shuka Jilore
Sikubali. Likitenganishwa halitapata siku. Liwe ndani, na mwenyekiti alisome lote.

#34 Nahodha wa Kusi
Na kwenye daftari la safari, omba nakala ya kurasa zenyewe, si muhtasari. Kurasa za mwezi wa Juni kwanza.